Mtoto wa Kilo Moja na Nusu

Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia vya Kiambere. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Tunajua ndengu ziko shambani na kazi haimngojei mtu, kwa hivyo hatutawaweka hapa mpaka jioni.

Kabla ya lolote, tunaomba mfuko huu uzunguke mkono kwa mkono. Ndani mna ndengu kilo moja na nusu, tumezipima dukani asubuhi ya leo. Kila mmoja aushike, kisha ampe jirani yake. Baba, na wewe pia, usione haya.

Ni mwepesi, sivyo? Huo ndio uzito wa mtoto tunayetaka kumzungumzia. Mtoto aliyetimiza siku zake mara nyingi huzaliwa na kilo tatu hivi. Akiwa chini ya kilo mbili na nusu tunasema amezaliwa na uzito mdogo. Na mimba hutimia kuanzia wiki 37. Anayekuja kabla ya hapo amezaliwa kabla ya wakati wake. Ndugu zetu wa Tanzania humwita mtoto njiti, na ukimwona mikono na miguu yake utaelewa kwa nini. Wengine huwa wadogo hata kama miezi tisa imetimia, kwa sababu mama aliugua malaria, au damu yake ilikuwa chache, au alibeba mapacha. Shida za watoto hawa hazifanani zote, lakini mwanzo wa kuwatunza ni mmoja: joto la mama na maziwa ya mama.

Tuanze na jambo ambalo bado linatuuma.

Mwaka 2021 mama mmoja kijana wa upande huu (jina tunaliacha, na ni yeye mwenyewe aliyetupa ruhusa ya kusimulia) alishikwa na uchungu usiku, mimba ikiwa ya miezi saba na kidogo. Mtoto alikuja haraka, kabla bodaboda haijapatikana. Alikuwa msichana, mdogo sana, lakini alilia. Majirani walikuja mbio na walifanya yote kwa upendo. Walimwosha kwa maji ya vuguvugu. Wakamvisha sweta mbili, wakamfunga blanketi, wakamlaza kwenye kikapu kando ya moto, naye mama akalazwa kitandani apumzike. Kulipokucha shosho alipanda bodaboda na kile kikapu mapajani, mama akafuata kwa pikipiki ya pili. Walipofika kwenye kituo cha afya mtoto alikuwa baridi kama jiwe la mtoni, hata kunyonya hakuweza. Alikufa mchana ule.

Tulikwenda matanga. Tukiwa tumeketi pale tukakumbuka kwamba kikundi kile tulikuwa tumekitembelea kwa miaka mitatu, tukiwafundisha kufuga kuku. Kila mama aliyekuwa pale alijua kwamba kifaranga cha siku moja hakiachwi peke yake, kwamba hata jua likiwaka bado kinataka kuingia chini ya mbawa za mama yake. Hayo tuliyafundisha vizuri sana. Juu ya mtoto wa binadamu aliyezaliwa mdogo hatukuwa tumesema hata neno moja. Basi msitusikilize leo kama watu waliokuja kulaumu wengine.

Sasa tuulizane: kwa nini yule mtoto alipoa, na alikuwa na sweta mbili na blanketi?

Fikirini chupa ya chai, ile ya kuhifadhi moto. Ukitia chai iliyochemka asubuhi, saa sita bado ni moto. Ukitia maji baridi, hata uyaache siku nzima, yatabaki baridi. Blanketi ni hivyo hivyo. Halina joto lake, linahifadhi tu lile lililomo. Sisi watu wazima tuna joto ndani. Mtoto wa kilo moja na nusu hana mafuta chini ya ngozi, ngozi yenyewe ni nyembamba kama ganda la kitunguu, hawezi kutetemeka kama sisi ili apate joto, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, hivyo joto jingi hutokea huko. Akitoka tumboni akiwa amelowa hupoa kwa dakika chache. Ukimfunga blanketi akiwa amekwisha kupoa, umefunga baridi.

Tunasikia watu wakisema, "Lakini Kiambere ni joto." Ni joto kwetu sisi. Tumboni alikotoka ni kama digrii 37, usiku na mchana. Hewa ya digrii 28 ambayo inatutoa jasho, kwake ni baridi, sembuse upepo wa pikipiki alfajiri. Na akishapoa, nguvu kidogo alizo nazo huisha kwa kutafuta joto, sukari ya damu inashuka, anashindwa kunyonya, anapumua kwa shida. Halafu sisi tunasema, "Alizaliwa dhaifu tu." Sehemu ya udhaifu ule tumemwongezea sisi wenyewe bila kujua. Wengine husema pia kwamba wa miezi saba huishi na wa miezi minane hufa. Si kweli hata kidogo. Kila wiki anayoongeza tumboni inamsaidia.

Hospitali kubwa zina mashine ya joto iitwayo inkubeta. Mnajua ilitoka wapi? Daktari mmoja Mfaransa, Stéphane Tarnier, aliona mashine ya kutotolea vifaranga huko Paris, akafikiri kwamba kitu kama kile kingefaa watoto wachanga. Mwaka 1880 ikaanza kutumika katika hospitali yake ya wazazi. Kwa hivyo sisi na kuku wetu hatukuwa mbali sana na ukweli! Mashine hii imeokoa watoto wengi na hatuidharau. Lakini inataka umeme usiozimika, inataka fundi, inataka kusafishwa vizuri. Pale ambapo mashine ni chache, watoto wawili au watatu hulazwa pamoja wakaambukizana magonjwa.

Juu ya umeme hebu tuseme neno moja. Bwawa letu la Kiambere linatoa umeme tangu 1988. Nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda Nairobi, na chini ya nyaya hizo bado kuna nyumba ambamo mama hujifungua kwa tochi ya simu. Kudai umeme na kituo cha afya chenye vifaa ni haki yetu, tusichoke kudai. Ila mtoto akija usiku wa leo hawezi kungoja tumalize kudai.

Huko Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, Amerika ya Kusini, mwaka 1978 kulikuwa na daktari aitwaye Edgar Rey katika hospitali ya akina mama maskini. Inkubeta zilikuwa chache, watoto wamejazana, wanaambukizana na kufa. Aliamua kumrudisha mtoto kwa mama yake: afungwe kifuani, ngozi kwa ngozi, anyonye maziwa ya mama, na akiwa na nguvu waende nyumbani hivyo hivyo. Baadaye akaungana naye daktari Héctor Martínez. Namna hii ikaitwa malezi ya kangaruu, kwa sababu kangaruu, mnyama wa Australia, huzaa mtoto mdogo mno na kumlea ndani ya mfuko ulio tumboni mwake.

Wako waliodhani kwamba hiyo ni dawa ya maskini tu, ya mahali pasipo na mashine. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na majirani zetu Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 wa kati ya kilo moja na kilo 1.8. Kati ya kila watoto 100 waliowekwa kwanza penye mashine mpaka watulie, karibu 16 walikufa katika siku 28 za kwanza. Kati ya 100 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa 12. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kwamba watoto hawa waanze kifuani mara wanapozaliwa, na wakae hapo saa nane mpaka 24 kila siku. Lakini sikieni vizuri: watoto wale walikuwa hospitalini, penye hewa ya oksijeni, dawa na manesi. Kifua hakichukui nafasi ya hospitali. Kifua ndicho kinachomfikisha hospitali akiwa hai, na ndicho kinachomlea akitoka.

Sasa namna yenyewe. Mtoto akitoka tu, mkaushe mara moja kwa kitambaa kikavu, kichwa pia, kisha kitambaa kilicholowa kitupwe kando. Asioshwe siku ile. Kuoga kungoje angalau saa 24, na kwa mtoto mdogo hivi tungoje nesi aseme. Avae nepi, kofia na soksi, basi. Mama afungue nguo kifuani. Mtoto asimamishwe katikati ya matiti, kifua chake kiguse kifua cha mama, miguu ikunjwe kama ya chura, kichwa kigeuzwe upande mmoja na kidevu kiinuke kidogo, kwa maana shingo ikijikunja njia ya hewa huziba. Halafu leso ifungwe imara kuzunguka wote wawili, upindo wa juu ufike chini ya sikio la mtoto. Isimbane tumbo, aweze kupumua. Juu ya hapo sasa ndipo mnaweka sweta na blanketi mnayopenda, kwa sababu safari hii ndani ya chupa kuna chai ya moto.

Kifua cha mama si kama jiwe lililopashwa moto. Mtoto akipoa, ngozi ya mama huongeza joto. Kupumua kwa mtoto hutulia kwa kusikia pumzi ya mama. Maziwa nayo huja mapema zaidi. Usiku mama alale akiwa ameinuka kidogo, aegemee mito au hata gunia lililojazwa majani makavu. Akitaka kwenda msalani au kuoga, mtu mwingine ampokee mtoto kifuani kwake, si kitandani. Baba ana kifua, shosho ana kifua. Joto la baba ni lile lile. Na kazi hii huendelea mpaka mtoto afike kama kilo mbili na nusu, au mpaka yeye mwenyewe aanze kupiga mateke akitaka kutoka. Atawaambia, msiwe na wasiwasi.

Tusiweke mtoto kando ya moto. Moshi unamwumiza mapafu, na chupa ya maji ya moto tumeona ikimwunguza mtoto ngozi. Na safari ya kwenda hospitali ni hivyo hivyo: mama na mtoto wapande chombo kimoja, mtoto akiwa amefungwa kifuani ndani ya nguo. Mama akiwa ametokwa na damu nyingi hawezi, basi shosho au baba ambebe ngozi kwa ngozi. Kikapu kibaki nyumbani.

Maziwa. Maziwa ya kwanza yale ya manjano yasimwagwe, ni chanjo yake ya kwanza. Watoto wengi wa uzito huu hawana nguvu ya kuvuta titi, wengine hawajui kunyonya na kupumua kwa pamoja. Mama aoshe mikono, akamue kwa mkono kwenye kikombe safi, na mtoto anyweshwe kwa kikombe hicho kidogo kidogo, ukingo ukigusa mdomo wa chini, ayavute mwenyewe kwa ulimi. Yasimwagwe kinywani. Chupa ya kunyonyea hatuitaki, ni vigumu kuisafisha. Alishwe kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia, hata kama amelala aamshwe. Mtoto mdogo halii kwa njaa kama mkubwa, hunyamaza tu, na watu husema "ni mpole". Maziwa ya mbuzi, maji ya sukari, uji mwepesi, hapana. Aliye mdogo kabisa atalishwa kwa mpira hospitalini, na maziwa ni yale yale ya mama yake.

Siku za kwanza uzito hushuka kidogo, msiogope. Baada ya wiki mbili hivi awe ameurudisha, kisha aongeze kila siku. Kwa hivyo siku za kupimwa zisikoswe, na dawa za kuongeza damu ambazo kliniki humpa zisisahaulike. Akiacha kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, akipata degedege, akiwa moto sana au baridi hata akiwa kifuani, akilegea, akiwa na rangi ya buluu midomoni au manjano kwenye nyayo, msingoje asubuhi.

Neno kwa Wakatoliki wenzetu, maana tumeliona. Mtoto akizaliwa dhaifu watu hukimbilia kumbatiza, na ni sawa, mtu yeyote anaweza kubatiza penye hatari ya kifo. Lakini tumeona mtoto akivuliwa kila kitu, akashikwa hewani huku watu wakitafuta maji na kubishana juu ya jina. Abatizwe akiwa pale pale kifuani kwa mama. Maji kidogo yakimiminwa kichwani yanatosha, kisha kichwa kikaushwe mara moja na kofia irudi.

Bora kuliko yote ni hospitali kabla hajazaliwa. Gari zuri la kumsafirisha mtoto huyu ni tumbo la mama yake. Mama akiona maji yamevunjika kabla ya wakati, damu, uchungu wa kuja na kwenda, au kichwa kumwuma sana na macho kuona giza, aondoke saa ile. Hospitalini akifika mapema kuna sindano anayoweza kupewa mama ambayo hukomaza mapafu ya mtoto aliye bado tumboni. Mtoto akishazaliwa, sindano hiyo haina kazi tena. Kliniki ianze mapema, vidonge vya damu vimezwe, neti itumike. Na mtoto huyu huweza kulazwa wiki nyingi, kwa hivyo jiandikisheni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na mchango ulipwe kabla ya uchungu kuanza. Kikundi chenye mfuko wa mikopo kingeweza kuukopesha kwa kila mjamzito wake.

Hapa tumefika kwenye kikundi, na ndipo tutakaa kidogo.

Mwaka 2023 mama mwingine alirudi kutoka hospitalini na mvulana aliyezaliwa na kilo 1.4. Manesi walikuwa wamemfundisha vizuri, alijua kufunga leso kuliko sisi. Siku ya tatu tulipomtembelea tulimkuta mtoto kitandani peke yake na mama yuko majini. Tulianza kumkemea. Akatuuliza kwa upole, "Sasa nani ateke maji?" Alikuwa na watoto watatu wengine, mbuzi, na mtungi wa lita 20 ambao haubebwi na mtu aliyefunga mtoto kifuani. Hatukuwa na jibu.

Tena tukaambiwa kwamba kikundi chake kimempiga faini kwa kukosa mikutano mitatu, na zamu yake ya merigoraundi imerudishwa nyuma. Tuliomba katiba ya kikundi tuisome. Ndivyo ilivyosema: anayekosa mkutano, faini. Katiba hiyo ni sisi tuliosaidia kuiandika.

Kikundi kilikaa mikutano miwili kikibishana. Mmoja alisema tukimsamehe huyu kila mtu ataleta sababu zake, na kwa kweli ana hoja, tumeona vikundi vikivunjika kwa kusamehe ovyo. Mwisho waliongeza kifungu kimoja: mwanachama mwenye mtoto chini ya kilo mbili na nusu hahesabiwi kuwa hayupo mpaka kliniki iandike uzito huo umefika, na zamu yake haisogezwi. Kadi ya kliniki ndiyo shahidi, hakuna maneno mengi. Kisha wakagawana maji na kuni, wanachama wawili kwa siku. Baba wa mtoto alichukua saa za jioni, kuanzia chakula mpaka mama apate usingizi wa kwanza. Vijana wa sokoni walimcheka wiki ya kwanza. Yule mvulana sasa anakimbia, na tulipowatembelea mara ya mwisho alivunja kikombe tulichotengewa chai.

Basi tunaomba kila kikundi kilichopo hapa kifungue katiba yake katika mkutano ujao na kuangalia kifungu cha faini. Na kila kikundi kichague watu wawili wa kujua jambo hili vizuri, wafanye kazi na mhudumu wa afya wa kijiji, mmoja wao awe mwanamume. Nambari za simu za bodaboda wawili wanaokubali kuitwa usiku ziandikwe mlangoni kwa kila mjamzito.

Mfuko umefika wapi sasa? Mzee, kaa nao hapo hapo, usimpe mwingine. Leso ziko mezani. Leo wanaume wataanza, akina mama wawaangalie shingo ya mtoto.